Ubunifu katika Biashara ya Rejareja: Vichocheo na Vikwazo Vyake

Swali la mada hii huonekana jepesi. Duka unalijua, simu unaijua, na neno ubunifu umelisikia mara nyingi. Kwa sababu hiyo ni rahisi kujaza kurasa mbili na kuambulia alama chache: unaorodhesha “teknolojia, mtaji, kodi, elimu” bila kueleza kila kimoja kinafanya kazi gani. Katika sehemu hii tutapitia maana ya dhana, vichocheo, vikwazo, kisha namna ya kujenga hoja iliyokamilika. Soma ukiwa na kalamu na daftari.

A. MAANA YA DHANA

Biashara ya rejareja ni uuzaji wa bidhaa au huduma kwa mlaji wa mwisho, kwa kiasi anachohitaji kwa matumizi yake. Duka la Mangi mtaani, genge la mboga, machinga anayetembeza mikanda, duka la dawa na supamaketi vyote ni biashara ya rejareja.

Uvumbuzi ni kupata kitu ambacho hakikuwapo kabla. Ubunifu ni kuliingiza wazo jipya katika kazi mpaka likabadilisha namna ya kununua, kuhifadhi, kuuza au kupokea malipo. Mtu anaweza kuvumbua kitu kikakaa kabatini miaka mingi. Kitu hicho kinakuwa ubunifu wa kibiashara siku wenye maduka wanapoanza kukitumia.

Zingatia: ubunifu si lazima uwe mashine. Mwaka 1916, katika mji wa Memphis nchini Marekani, Clarence Saunders alifungua duka lililoitwa Piggly Wiggly. Kabla ya hapo mteja alisimama mbele ya kaunta, akataja anachotaka, na mhudumu akamletea kimoja kimoja. Saunders aliwaruhusu wateja waingie, wachukue vikapu, wajichagulie bidhaa kwenye rafu na kulipa wakati wa kutoka. Rafu zilikuwapo tangu zamani, na vikapu pia. Kipya kilikuwa utaratibu, na ndiyo asili ya supamaketi tunazozijua leo.

B. SWALI LA KUKUONGOZA: NANI ANAGHARIMIA, NANI ANANUFAIKA?

Kabla ya kukariri orodha, shika swali hili moja: katika ubunifu huu, nani anatoa fedha, na nani anapata faida? Anayegharimia akiwa ndiye anayenufaika, ubunifu huenea haraka. Mmoja akigharimia huku mwingine akinufaika, ubunifu hukwama au hupingwa.

Tazama historia ya msimbopau, yaani ile mistari myeusi na myeupe iliyochapwa kwenye pakiti za bidhaa. Wamarekani wawili, Norman Joseph Woodland na Bernard Silver, walipata hataza ya wazo hilo mwaka 1952. Lakini bidhaa ya kwanza yenye msimbo wa aina tunayoitumia leo ilisomwa kwenye kaunta ya supamaketi tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio. Ilikuwa pakiti ya ubani wa kutafuna. Miaka 22 ilipita katikati. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi: mashine za kusoma mistari hiyo zilihitaji miale ya leza na kompyuta za bei nafuu, na katika miaka ya 1950 vitu hivyo havikuwapo madukani. Sababu ya pili ni ya kibiashara. Mwenye kiwanda alijiuliza, “Nichape mistari kwenye pakiti zangu ya nini, ikiwa maduka hayana mashine za kuisoma?” Mwenye duka naye akajiuliza, “Ninunue mashine ya nini, ikiwa bidhaa hazina mistari?” Kila mmoja alimsubiri mwenzake atangulie kutoa fedha. Jambo hilo lilifunguka pale wawakilishi wa viwanda na maduka walipoketi pamoja na kukubaliana, mwaka 1973, kutumia msimbo wa aina moja.

Sasa tuingie kwenye vichocheo na vikwazo tukiwa na swali hilo mkononi.

C. VICHOCHEO VYA UBUNIFU

1. Kipato na mahitaji ya wateja

Mteja anayepokea ujira kwa siku hununua kwa siku. Muuzaji anayelielewa hilo hubuni vipimo vidogo: mafuta ya kula ya kupima, sukari ya robo, sabuni ya unga ya pakiti ndogo. Tuseme muuzaji ananunua ndoo ya mafuta ya lita 20 kwa shilingi 100,000. Anayapima kwa kipimo cha mililita 100 na kuuza kila kipimo shilingi 600. Ndoo inatoa vipimo 200, hivyo mauzo ni shilingi 120,000 na faida ghafi ni shilingi 20,000.

Angalia pia upande wa mteja. Lita moja kwa vipimo inamgharimu shilingi 6,000. Pengine chupa ya lita moja inauzwa shilingi 5,600, lakini leo mfukoni ana 1,000 tu. Analipa zaidi kwa lita, ila familia inakula jioni ya leo. Ukieleza pande zote mbili namna hii, hoja yako inakuwa na uzito.

2. Ushindani

Maduka matatu yakiwa mtaa mmoja, yote yakiuza unga uleule kwa bei ileile, kila mmoja hutafuta cha kumtofautisha. Mmoja atafungua alfajiri, wa pili atapeleka mitungi ya gesi nyumbani kwa pikipiki, wa tatu ataongeza huduma ya wakala wa fedha ili anayekuja kutoa pesa anunue na sukari. Ushindani humlazimisha muuzaji kubuni hata kama hapendi, kwa sababu asipobuni mteja anavuka barabara.

3. Teknolojia iliyoshuka bei na kuenea

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Mwanzoni ilikuwa ya kutumiana pesa. Baadaye ikaingia dukani, na leo ubao wa “lipa namba” umetundikwa hata kwenye meza za wauza matunda. Muuzaji hakuhitaji kununua mashine ya kadi wala kuvuta laini ya simu ya mezani. Simu alikuwa nayo, na mteja alikuwa nayo. Gharama ya kuanza ilikuwa ndogo kwa pande zote mbili, ndiyo maana ubunifu huo ulipenya haraka.

4. Haja ya kupunguza gharama na hasara

Muuzaji hupoteza fedha kwa njia nyingi: bidhaa kuoza, kuibiwa, kuisha muda wa matumizi, na ukosefu wa chenji unaomfanya atoe pipi au kiberiti badala ya shilingi mia. Kila hasara inayojirudia ni mwaliko wa kubuni. Malipo kwa simu humaliza tatizo la chenji. Kupanga bidhaa ili zilizoingia kwanza zitoke kwanza hupunguza zinazoharibika. Saunders naye, kwa kuwaacha wateja wajihudumie, alipunguza idadi ya wahudumu wa kulipwa.

5. Sheria na sera za serikali

Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, baada ya Kenya kufanya hivyo Agosti 2017. Mifuko ile, ambayo wengi waliiita rambo, ilitolewa bure dukani. Baada ya katazo, wafanyabiashara walitafuta njia nyingine: mifuko ya karatasi, mifuko mbadala ya kuuzwa, na vikapu vikarudi mikononi. Vilevile, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilitambua mikataba na saini za kielektroniki, na hivyo kuipa biashara ya mtandaoni msingi wa kisheria.

D. VIKWAZO VYA UBUNIFU

1. Mtaji mdogo na ugumu wa mikopo

Friji, mizani ya kidijitali na programu ya kuhesabu mali vinahitaji fedha kabla havijaleta fedha. Muuzaji mdogo hana hati ya nyumba ya kuweka dhamana benki. Mara nyingi hutegemea mali kauli, yaani huchukua bidhaa kwa muuzaji wa jumla kwa maelewano ya mdomo na kulipa akishauza. Mali kauli humsaidia kujaza rafu, lakini haimpi fedha za kununua friji. Riba ya mikopo ya haraka nayo humtisha. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

2. Miundombinu dhaifu

Muuzaji akitaka kuanza kuuza maziwa na samaki wabichi, umeme ukikatika siku nzima hasara ni yake peke yake. Mtandao ukisumbua, lipa namba haisomi na mteja anaondoka. Barabara mbovu huchelewesha mzigo na kuozesha nyanya. Hapa muuzaji ndiye anayebeba hatari ya jambo ambalo hana uwezo wa kulirekebisha.

3. Kusubiriana na mifumo isiyoingiliana

Kumbuka kisa cha msimbopau. Tanzania nayo ilipitia jambo la namna hiyo. Katika miaka ya mwanzo ya fedha za simu, kutuma pesa moja kwa moja kutoka mtandao mmoja kwenda akaunti ya mtandao mwingine hakukuwezekana. Mwaka 2014 kampuni za Tigo, Airtel na Zantel ziliunganisha mifumo yao, na Vodacom ikaungana nazo mwaka 2016. Mifumo inapoachana, muuzaji hulazimika kuwa na laini nyingi. Inapoungana, laini moja humtosha kuwahudumia wateja wa mitandao yote.

4. Kodi na tozo zinazoongeza gharama

Mashine za EFD za kutolea risiti zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani, kisha zikapelekwa kwa wengine kuanzia mwaka 2013. Serikali ilipata kumbukumbu sahihi za mauzo. Wafanyabiashara wengi waliona wananunua mashine ghali kwa manufaa ya mwingine, na katika miji kadhaa walifunga maduka kupinga.

Mfano wa pili ni wa Julai 2021, serikali ilipoanzisha tozo kwenye kutuma na kutoa pesa kwa simu. Malalamiko yalikuwa makubwa na baadhi ya watu wakarudi kwenye fedha taslimu. Septemba mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikaendelea kushushwa. Usiandike kwamba kodi ni mbaya. Kodi hujenga barabara na kuleta umeme, ambavyo tumeona hapo juu kwamba muuzaji anavihitaji. Andika kwamba kodi inayoangukia chombo kipya kabla hakijazoeleka huweza kuwarudisha watu kwenye njia ya zamani.

5. Kukosekana kwa uaminifu

Anayeuza nguo kupitia Instagram au WhatsApp akiwa Kariakoo anaweza kumfikia mteja wa Songea bila kuwa na tawi huko. Kikwazo ni hofu. Mteja anaogopa kulipa kisha asiletewe mzigo, au aletewe usiofanana na picha. Muuzaji anaogopa kutuma kisha asilipwe. Hofu hiyo yenyewe imezaa njia za kuikabili: kulipa baada ya kupokea kwa walio karibu, na kwa wa mbali kutuma mzigo kwa basi na kumpigia mteja picha ya risiti yenye namba ya basi.

Fahamu pia kwamba kuwa na programu nzuri ya simu hakutoshi. Kampuni ya mauzo ya mtandaoni ya Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, ikisema inaelekeza nguvu katika masoko mengine. Wauzaji wadogo wa mtandaoni waliendelea.

6. Kukosekana kwa ushindani

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sehemu kubwa ya biashara iliwekwa chini ya mashirika ya umma, na baadaye Kampuni za Biashara za Mikoa, zilizojulikana kama RTC, zikawa wasambazaji wakuu. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyokusudia maduka binafsi yapishe maduka ya ujamaa na ya ushirika. Lengo lilikuwa kumlinda mwananchi dhidi ya unyonyaji na ulanguzi. Hata hivyo, mwenye duka asiye na mshindani, anayepokea mgao na kuuza kwa bei iliyopangwa, hana sababu ya kubadilisha chochote. Mteja hana pengine pa kwenda.

Hapa uwe makini. Uhaba wa bidhaa na foleni za sukari na sabuni za miaka ile ulitokana pia na ukosefu wa fedha za kigeni na gharama za Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti na kuwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na rafu zikaanza kujaa tena.

7. Usimamizi mbovu na kukua kupita uwezo

Nakumatt ilianza kama duka la magodoro katika mji wa Nakuru, Kenya, ikakua hadi kuwa na matawi katika nchi nne za Afrika Mashariki. Ilijulikana kwa maduka ya saa 24 na kadi za kuwazawadia wateja wa kudumu. Lakini ilipanuka huku madeni yakirundikana. Wasambazaji wasiolipwa walipoacha kuleta mizigo, rafu zikabaki tupu, na Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ifungwe. Kadi ya zawadi haina maana katika duka lisilo na bidhaa.

E. JAMBO MOJA, SURA MBILI

Mtahiniwa anayetaka alama za juu huonesha kwamba jambo lilelile linaweza kuwa kichocheo mahali pamoja na kikwazo mahali pengine.

(i) Sheria. Katazo la mifuko ya plastiki lilichochea njia mpya za ufungashaji. Tozo ya 2021 ilipunguza hamu ya kutumia simu.

(ii) Kipato kidogo cha wateja. Kimezaa mauzo ya vipimo vidogo, lakini humzuia muuzaji kuleta bidhaa bora zenye bei kubwa.

(iii) Ukaribu na wateja. Mangi anamjua kila mteja kwa jina, anajua nani wa kumkopesha na nani wa kumwambia “leo hapana”. Kumbukumbu hiyo ni mtaji. Hata hivyo, inaweza kumfanya aone hana haja ya kuandika hesabu, na siku akiugua hakuna anayejua nani anadaiwa.

F. JINSI YA KUJENGA HOJA

Chukua swali hili: Fafanua vikwazo vitano vinavyozuia ubunifu katika biashara ya rejareja nchini Tanzania.

Jibu dhaifu: “Kikwazo kingine ni miundombinu. Miundombinu ni mibovu na hii inazuia ubunifu katika biashara.”

Jibu hili limetaja kikwazo, kisha likalirudia swali. Halijaeleza kinazuia vipi, na halina mfano.

Jibu bora: “Umeme usio wa uhakika huzuia ubunifu kwa kumwongezea muuzaji hatari ya hasara. Kwa mfano, mwenye duka anayetaka kuanza kuuza maziwa na samaki wabichi hulazimika kununua friji. Umeme ukikatika kwa muda mrefu bidhaa huharibika na hasara inakuwa yake peke yake. Kwa hiyo wengi huendelea kuuza bidhaa kavu ambazo haziharibiki upesi.”

Hesabu hatua zake: limetaja kikwazo, limeeleza namna kinavyofanya kazi, limetoa mfano, limeonesha matokeo. Hatua nne katika sentensi nne. Fanya hivyo kwa kila hoja.

Mambo ya kuepuka:

- Kuandika hoja moja mara mbili kwa maneno tofauti, kama “ukosefu wa mtaji” na “ukosefu wa fedha”.
- Kuchanganya ubunifu na uvumbuzi katika utangulizi.
- Kutaja takwimu ulizozitunga. Mfano wa kweli kutoka mtaani kwako una nguvu kuliko asilimia isiyo na asili.
- Kuhitimisha kwa kurudia orodha. Hitimisho zuri hupendekeza jambo moja linalotekelezeka, na kusema nani aligharimie.

G. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Tofautisha uvumbuzi na ubunifu kwa kutumia mfano wa msimbopau.

2. “Ubunifu katika biashara ya rejareja hauhitaji mashine.” Jadili kauli hii kwa hoja sita, ukitumia mifano kutoka Tanzania na kwingineko.

3. Muuzaji ananunua gunia la sukari la kilo 50 kwa shilingi 130,000 na kuuza robo kilo kwa shilingi 800. (a) Tafuta mauzo yote ya gunia. (b) Tafuta faida ghafi. (c) Eleza nani ananufaika na nani anagharimia katika utaratibu huu.

4. Tembelea duka moja karibu na shule yako. Andika jambo moja ambalo mwenye duka amelibadilisha katika miaka ya karibuni na jambo moja analotamani kulibadilisha lakini ameshindwa. Kwa kila moja, eleza kichocheo au kikwazo kilichohusika.

5. Ungekuwa mshauri wa halmashauri yako, ungependekeza hatua gani tatu za kukuza ubunifu wa wafanyabiashara wadogo? Kwa kila hatua, onesha nani atagharimia na nani atanufaika.

Majibu ya swali la 3: (a) shilingi 160,000, (b) shilingi 30,000.